Spana ya Reli na Boti ya Benedeta

Mashine za posho, za kusaga unga, nimezitengeneza miaka thelathini na minane, kuanzia kwetu Kisoko mpaka Petta, na hakuna shule iliyonifundisha. Moja ilikuwa inakohoa vibaya mpaka paroko akaja kuipaka mafuta ya wagonjwa. Ilipona. Asiyeamini aende Petta akaulize, ingawa paroko mwenyewe alishahamishwa.

Kwa hiyo Benedeta aliponiita Majanji, kwenye mwalo wa boti ziwani, giaboksi ya boti yake imevunjika meno, sikuona kazi. Boti ile ina tanga, ndiyo, lakini tanga ni la asubuhi. Mchana upepo ukilala, dizeli ndiyo mume. Na Jumamosi Benedeta alikuwa anampeleka mwanawe Allan kisiwani Sigulu kupeleka mahari. Safari ya kwanza walikwama katikati ya ziwa mpaka chakula cha wakwe kikapoa.

"Baba Owori," aliniambia, "wamesema tukichelewa tena, binti wanampa mwingine."

"Boti itakwenda kama swala."

Kaka yake Benedeta, Ojiambo, seremala wa boti, alikuwa pembeni anaziba nyufa. Akacheka. "Mtu wa unga anajua maji?"

"Isipokwenda, chukua spana yangu."

Hapo mdomo uliniponza. Spana ile niliipata enzi za reli, ndefu kama mguu wa ndama, na Ojiambo ameimezea mate miaka kumi na mmoja. Aliinuka palepale kunipa mkono, mbele ya watu.

Nikavuka Busia, upande wa Kenya, kwa Phiona muuza spea za mitumba. Giaboksi ilikuwepo. Nikatia alama za chaki huku na huku, nikazungusha kwa mkono: upande wa injini mara mbili, upande wa propela mara moja. Sawasawa na ile ya zamani! Maana giaboksi mpya ikizungusha propela mbio kuliko ya kwanza, injini inalemewa na kutema moshi. Ikizungusha polepole, boti inatambaa kama konokono.

"Mzee, ngoja," Phiona akasema. "Hii ilitoka kwa boti ya injini mbili. Hii ni ya ile ya upande wa..."

"Binti yangu, mimi nahesabu mizunguko. Sihesabu pande."

Ijumaa asubuhi kila mtu mwaloni alikuja kutazama. Nikawasha. Nikasukuma gia mbele, kifua nje.

Boti ikaenda nyuma. Ikapanda ufukweni na kulalia chanja la kuanikia dagaa.

"Mzee!" Benedeta akapiga kelele. "Hii boti inakwenda matako mbele!"

"Tulia, mama. Naanza kuijaribu nyuma."

Nikavuta gia ya nyuma. Boti ikatoka mbele, taratibu kama harusi. Nikawapungia watu mkono. Lakini kabla sijafika mbali nikasikia harufu ya mafuta yanayoungua. Gia ya nyuma ya giaboksi ile ni ya kutokea mwaloni tu, si ya kwendea Sigulu.

Nikarudi mwaloni. Mashine ya posho ikizunguka kinyume, unaukunja mkanda uwe kama namba nane, basi, unga unatoka. Miaka thelathini na minane sijawahi kuuliza kitu kinazunguka upande gani. Sasa kwenye boti, mkanda wa kukunja uko wapi? Propela za boti ya injini mbili ni kama jozi ya viatu, moja huzunguka kulia, nyingine kushoto. Cha kulia hakivaliki mguu wa kushoto.

Ojiambo alikuwa ananingoja na kiganja wazi. "Spana."

"Ulijua?"

"Tangu Jumanne, ulipoileta ukaizungusha hapa kwa mkono kutuonyesha."

"Na ukanyamaza!"

"Fundi hakuniuliza."

Nikampa. Moyo uliniuma kama nimemwoza binti bila mahari. Ndipo nikakumbuka chuma kinachoning'inia getini kwake, anachogonga kuita watu kula. Propela ya kizamani, na mapanga yake yamelala upande mwingine.

"Ojiambo, ile kengele yako ulitoa wapi?"

Akatazama juu. "Kwa boti moja ya injini mbili."

"Ilete."

"Kengele yangu? Tutaitwaje kula?"

Benedeta akamshika sikio mbele ya umati, mtu mzima na mvi zake. "Wewe ndiye mjomba. Allan akikosa mke, ile mbuzi ya mjomba siku ya harusi utakula kwa nani?"

Kengele ilifika mwaloni kabla chai haijachemka. Tukaipima na ile ya zamani: upana mmoja, mkunjo mmoja, tundu linaingia. Ojiambo akanisukumia. "Haya, fundi. Funga."

"Nifunge na nini?" nikasema. "Nati ya propela ile mimi ndiye niliyeikaza, na inafunguliwa na spana moja tu. Mwenye spana ndiye fundi."

Nilipindua mtumbwi nikakaa juu yake na kikombe changu. Ojiambo alikuwa majini mpaka kidevuni.

"Kaza, mtu wa maji!" nikampa moyo. "Nasikia bado inacheza!"

Jumamosi walifika Sigulu mapema mno, wakakuta mama mkwe bado anachambua mchele. Sasa kila nati kubwa ya Majanji inamwita Ojiambo majini, mvua au jua, na kwake watu wanaitwa kula kwa mluzi. Mimi nampigia simu kila Jumapili. Nauliza kwanza hali ya spana.