Nguvu za Kuhama

Binti alikuwa mtafiti wa maabara, na kazi yake aliisimulia mezani kama wengine wanavyosimulia mpira.

"Seli ya saratani haihami hivi hivi, mama," alisema siku moja, mdomo umejaa chakula. "Ndani yake mna vitu vidogo mno, mitokondria. Hivyo ndivyo vinavyochoma chakula na kuipa nguvu ya kutambaa kutoka kwenye titi hadi kwenye mfupa. Sisi tunatafuta dawa ya kuvizima."

"Kumbe inakula," mama alisema.

"Inakula kutushinda sisi."

Mama alicheka, akakusanya vyombo. Titi lake la kushoto lilikuwa limeshaondolewa.

Tangu hapo akaanza kukonda. Daktari alisimamisha matibabu: mwili ule usingeihimili dawa, na bila uzito kuongezeka hana la kufanya. Binti akawa anapika supu nzito na kuiacha mezani kila asubuhi. Jioni alikuta bakuli tupu, roho ikamtulia.

Jumamosi moja alirudi mapema, akamkuta mama mlangoni akimwagia paka wa jirani supu yote. Paka mwenyewe kanenepa hadi kutembea ni shida.

"Mama, unafanya nini?"

"Usinikasirikie. Wewe unazinyima zile seli nguvu kwa dawa, mimi nazinyima chakula. Nilitaka kukusaidia." Mama aliketi, pumzi zikimpaa. "Njaa naiweza, mwanangu. Nimewalea na njaa kubwa kuliko hii."

Binti alikaa chini sakafuni. Kazi yake alikuwa ameieleza mbele ya maprofesa, wakaielewa. Lakini yeye hakuwahi kumuuliza mama yake ameelewa nini. Akaanza upya, polepole. Mtu akikosa kula, mwili wake ndio unaoisha kwanza. Seli zile zinaendelea kujichotea humo humo.

"Kwa hiyo nimezilisha mwili wangu," mama alisema.

Binti alitaka kusema hapana. Akalia.

Alipasha moto supu iliyobaki sufuriani, akamlisha. Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kikarudi chote, na binti akampangusa kidevu.

"Kliniki lini?" mama aliuliza.

"Keshokutwa."

Mama aliutazama mkono wake uliobaki mifupa. Wote wawili walijua siku mbili hazitoshi kurudisha uzito.

"Haya, nipe tena," alisema, akafumbua mdomo.