Homa Imeshuka

Katika giza la kabla ya alfajiri nilisikia kikombe kikigonga meno. Nikawasha taa. Mume wangu, fundi vigae anayebeba maboksi mawili begani huku akipiga mluzi, alikuwa ameshindwa kunywa maji.

Siku nne nyuma kipande cha kigae kilimkata kiganja. Akakifunga kwa kitambaa cha kufutia saruji, eti kidonda cha mwanaume hujiponea chenyewe. Mkono ulipovimba akaja kaka yake. Shemeji huyu alilinda geti la zahanati miaka sita. Watu wakamtania "Daktari", naye akaitika. Alimpa vidonge vitatu vilivyobaki jirani alipong'olewa jino.

Asubuhi ile Daktari aliingia na kipimajoto mfukoni mwa shati, kama kalamu ya mkurugenzi.

"Jana alikuwa anaungua. Leo tazama, thelathini na tano na nusu. Homa imeshuka. Mpikie uji mwepesi."

"Shemeji, mikono yake ina baridi kama bomba la asubuhi. Anapumua kama aliyekimbizwa. Na ameniita kwa jina la dada yenu."

"Usingizi huo."

"Muuguzi alitufundisha kwenye masomo ya jioni ya huduma ya kwanza. Maambukizi yakishaingia kwenye damu, mwili unaweza kupoa badala ya kuchemka. Presha inaporomoka, figo zinakosa damu. Hapo hata saa moja ni nyingi."

Akamgeukia mama mkwe. "Mama, tumeoa profesa wa saa mbili usiku."

Mama mkwe akacheka kidogo, kwa heshima ya kifungua mimba wake.

Binti yetu wa miaka mitatu alikuwa amekaa kwenye poti yake pale mlangoni. Mwezi ule tulikuwa tunamwachisha nepi, na nyumba nzima ilimpigia makofi kwa kila tone. Nilipomtazama nikakumbuka swali la muuguzi.

"Shemeji, mgonjwa wako amekojoa lini?"

Tukaulizana kwa macho. Tangu jana mchana hakuna aliyemwona akielekea chooni.

"Hanywi maji, atakojoa nini?" akasema Daktari, ila kipimajoto kilirudi mfukoni.

Mama mkwe hakucheka tena. Ndiye aliyeita teksi.

Hospitalini daktari, huyu wa kusomea, alimshika mkono tu akaita wenzake watatu. Dripu mbili, dawa za mshipa, mpira wa mkojo na mfuko wake. Kisha akatuambia bila kuzunguka: maambukizi yameangusha presha, na mngengoja mpaka mchana mngekuja kuuliza njia ya mochwari. "Sasa tunasubiri mkojo. Ukitoka, figo zimeamka."

Basi ukoo mzima ukakaa kwenye benchi kusubiri mkojo. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya mahari, leo walikuwa na dua moja. Shemeji alikwenda getini kumweleza mlinzi mambo ya presha. Mlinzi akamjibu, "Sawa, Daktari."

Kesho yake jioni, saa ya kuona wagonjwa, sisi watu wazima tulizunguka kitanda. Tukatazama uso wake, tukatazama mashine, shemeji akatazama dari. Binti yetu, ambaye kimo chake kinaishia kwenye godoro, alitazama mfuko wa plastiki unaoning'inia chini ya kitanda. Akapiga makofi kama anavyopigiwa nyumbani, akasema kwa sauti:

"Baba amekojoa."