Zahanati Katika Sura ya Barabara

Zahanati ilikuwa na kuta, mabati na kufuli. Ilijengwa mwaka wa 2004 kwa fedha za maendeleo ya eneo bunge, ikapakwa rangi, ikazinduliwa kwa hotuba, na hadi Aprili 2006 haikuwa imetibu mtu yeyote. Nakhungu, afisa wa mipango mjini Bungoma na mzaliwa wa kijiji chenye zahanati hiyo, ng'ambo ya mto kutoka soko la Matulo, alitaka kujua sababu. Wenzake ofisini walisema wauguzi hawapendi vijiji. Hiyo ilikuwa dhana tu, kwa hiyo alisafiri hadi Kitale kumwona muuguzi aliyepangiwa kituo hicho.

Chelangat alimkaribisha chai. Alieleza kwamba alikwenda kuripoti mara mbili, na mara zote mbili alikuta mto umefurika.

"Mimi sikukataa kazi, dada," alisema. "Chanjo ndiyo ilikataa. Barafu ya kuihifadhi iliyeyuka tukingoja maji yashuke. Sasa ningemdunga mtoto na nini?"

Nakhungu alirudi na hoja moja. Serikali ilikuwa imegharamia afya ikapata jengo. Kilichokosekana, yaani daraja, kilikuwa katika fungu la barabara. Fedha za mwaka huo zilitosha mradi mmoja, na mwaka wa fedha ukiisha Juni kabla kijiji hakijakubaliana, zingepelekwa kata nyingine.

Barazani watu walitaka wodi ya akina mama wajawazito. Aliposema daraja, mwenye duka mmoja alisimama.

"Ati daraja? Mgonjwa atameza daraja mara ngapi kwa siku?"

Watu walicheka, naye Nakhungu akasubiri wamalize. Kisha akawauliza ni nani kati yao aliyewahi kupata hata kidonge kimoja katika zahanati waliyo nayo. Akasimulia aliyoambiwa Kitale, na kufikia adhuhuri hata mwenye duka alikuwa upande wake.

Ndipo Gachanja, mhandisi, alipoonyesha mahali alipoweka alama: pale mto unapokuwa mwembamba kuliko kwingine kote. Mukhisa, ndugu wa babu yake Nakhungu, aliinuka polepole.

"Mjukuu, hiyo mahali tunachimba tope ya vijana. Mwaka huu ni wa tohara. Agosti watapakwa wapi, kwa simiti?"

Baraza lilivunjika. Kwa Wabukusu, kijana huteremka alfajiri kupakwa tope la mahali pa ukoo wake kabla ya kukabili kisu, na mahali hapo hapahamishwi. Gachanja hakujua, kwa kuwa kwao Nyeri hakuna desturi hiyo. Nakhungu alijua desturi ila si mahali, kwa sababu wanawake hawaongozwi huko.

Jioni hiyo alimfuata Mukhisa nyumbani. Hakubishana naye.

"Kuka, sitauliza pale pana nini," alisema, akimwita babu kwa lugha yao. "Mpeleke mhandisi umwonyeshe pasipo na neno. Mimi nitabaki."

Mzee aliuliza, "Utaweka sahihi ya mahali hujaona?"

"Nitaweka sahihi ya mahali mtakapokubaliana nyinyi wawili."

Kesho yake wanaume hao wawili waliteremka mtoni, naye akawangoja kilimani. Gachanja alirudi viatu vimejaa udongo. Alisema kwamba pale pa kwanza, alipopapima akiwa ukingoni kwa sababu ya mafuriko, ni tope tupu, na nguzo zingezama. Juu kidogo mto ni mpana zaidi, lakini chini yake ni mwamba. Mukhisa alisikiliza huku akikung'uta fimbo yake.

"Si hiyo tope ilikuwa inawaambia tangu mwanzo?" alisema.

Kabla Juni haijaisha, kijiji kilikubali. Agosti mafundi walisimamisha kazi kila alfajiri hadi vijana wapite, na nyimbo zao zilisikika hadi kwenye mbao za daraja. Desemba Chelangat alivuka na sanduku la chanjo, barafu ikiwa ngumu.

Mwisho wa mwaka wa fedha, mkuu wa Nakhungu alimrudishia rasimu ya ripoti ya wilaya. Alisema zahanati na watoto wake waliochanjwa wameingizwa kimakosa katika sura ya barabara. Wahamishiwe sura ya afya.

"Si kosa," Nakhungu alisema. "Mwaka huu fungu la afya halikuongeza hata shilingi moja pale. Lililofungua zahanati ni daraja."

Mkuu alisoma takwimu tena, kisha akaipitisha ripoti jinsi ilivyoandikwa. Nakala moja Nakhungu alimpelekea Mukhisa, ambaye hakujua kusoma, na ambaye aliitundika ukutani ikiwa wazi kwenye ukurasa wa zahanati na daraja, aliofunguliwa na Nakhungu.