Hewa Isiyopiga Hodi

"Usiku wa jana niliota," mume wangu aliniambia asubuhi, bado amekaa kitandani, barakoa ya hospitali inamning'inia shingoni. Akanisimulia mpaka mwisho bila kucheka. Nami nasimulia vilevile nilivyosikia, ila pale ninapotajwa mimi nitatia neno langu.

Mume wangu ni Mzee Shekiondo wa Korogwe. Anakoroma. Hilo mtaa mzima wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kukoroma kwenyewe kunakatika. Anavuta, anavuta, kisha kimya. Pumzi haiingii wala haitoki. Hapo ndipo ninapomsukuma bega, anashtuka kama mtu aliyeopolewa kisimani, anahema, anaendelea. Kazi yangu ya usiku ndiyo hiyo, na mchana natwanga huku nasinzia.

Binti yetu Sikudhani akampeleka hospitali. Wakamlaza huko na nyaya kichwani. Wakasema pumzi inamkatika usingizini, na moyo hautavumilia mchezo huo siku zote. Wakampa mashine ndogo ya kupuliza hewa, ina mpira mrefu na barakoa kubwa ya kufunika pua na mdomo, aijaribu nyumbani. Akiizoea, ibaki. Isipomkaa, Sikudhani airudishe, maana wagonjwa wanaoingoja ni wengi.

Usiku wa kwanza aliivua. Wa pili aliivua akaifungia kabatini.

"Baba Sikudhani, inakuumiza?"

"Hainiumizi. Haina adabu. Inaingia mwilini mwa mtu bila hodi."

Kwa mume wangu hodi si jambo la mchezo. Kaka yangu mwenyewe aliwahi kurudishwa uani, mvua inanyesha, akapige hodi upya.

Usiku wa tatu nilimvalisha mwenyewe, nikakaza mikanda. Nikamwambia, "Kesho Sikudhani anakuja kuichukua. Lala nayo leo tu, nione." Akalala. Ndoto ikaanza.

Mzee Shekiondo amelala chali. Barakoa anakohoa kidogo, kama mtu mwenye neno mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Barakoa."

"Una umri gani?"

"Sijatimiza mwezi tangu nitolewe kwenye mfuko wa nailoni."

"Angalau umefunzwa salamu. Sema."

"Mzee, nyumba yako ina ugomvi. Umewaweka Pua na Mdomo chumba kimoja, na wale ni wake wenza."

Ni kweli. Ndani ya barakoa mna chumba cha plastiki chenye sakafu ya saruji. Pua amekaa juu ya kigoda, Mdomo amekaa mkekani, wamepeana migongo.

"Mimi nilizoea kwangu peke yangu," anasema Pua. "Huyu kala dagaa."

"Tulikula wote," anasema Mdomo. "Wewe ulianza kunusa sufuria halijaepuliwa."

"Halafu analala wazi usiku kucha, kama duka lililokimbiwa na mwenyewe."

"Nisingelala wazi, mume wetu angepitisha wapi hewa? Kwako? Una mafua tangu msimu wa machungwa!"

"Mzee, amua," wanasema wote wawili.

Mwanamume mwenye akili akiambiwa aamue kati ya wake wenza hukumbuka ana shughuli nje. Mzee Shekiondo anakumbuka ana shughuli nje. Anatoka.

Nje kumbe ni ndani zaidi. Yumo kooni mwake mwenyewe. Koo limejengwa kama stesheni ya treni, refu, jekundu, lina benchi la abiria. Haulizi kwa nini. Ulimi amelala kwenye kizingiti, mnene, mgongo umeziba karibu mlango wote. Juu ya mlango ananing'inia Kimeo, kile kinyama cha nyuma ya ulimi. Kimeo ndiye mlinzi, ana rungu, na amesinzia.

Anakoroma huyo Kimeo, na mtikisiko wake unaangusha vumbi kutoka darini.

"Haya, kumbe si mimi," anasema Mzee Shekiondo. Anafurahi sana kumpata mwenye kosa.

Ndipo inasikika sauti nje ya mlango, ya mwanamke mtu mzima.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Ulimi anajigeuza, anaziba hata ule ufa uliobaki.

"Hodi, wenyewe."

Kimya.

Hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, ukiwa mstaarabu unarudi ulikotoka. Mzee Shekiondo amewafunza watu hivyo maisha yake yote. Anachungulia juu ya mgongo wa Ulimi, anaona bibi mwembamba, kanga mbili, furushi kichwani, anageuka kuondoka.

Ni Pumzi yake. Anamfahamu vizuri, walizaliwa siku moja.

"Wee bibi! Usiende!"

Anatambaa juu ya Ulimi, anaruka, anamfuata. Akitua, si stesheni tena. Ni shamba la mkonge, mistari imenyooka mpaka milimani, na Pumzi anakwenda mwendo wa mtu mwenye safari.

"Unakwenda wapi?"

"Kwingine."

"Si nyumba yako hii?"

"Nyumba isiyoitika hodi haina mtu. Nimefunzwa na nani, kama si wewe?"

"Lakini mimi nimo!"

"Ungekuwemo ungeitika. Kila usiku napiga hodi zangu tatu, nageuka. Anayeniitikia ni mkeo."

Pumzi ananyoosha kidole. Na mimi hapo nimesimama katikati ya mkonge, nimevaa koti la stesheni masta lenye vifungo vya shaba, mkononi nina taa. Koti hilo sijapata kuwa nalo. Taa ninayo.

Mbele yangu limesimama bega la mzee, peke yake, kama mlango usio na nyumba. Pumzi akifika mbali, mimi nalisukuma lile bega, nasema, "Karibu, karibu ndani." Pumzi anarudi. Baada ya kitambo anageuka tena. Nalisukuma tena. "Karibu, karibu ndani."

Mzee Shekiondo anatazama.

"Kumbe kunisukuma kote kule kulikuwa kukaribisha?"

"Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani ana kinyongo juu ya yule mbuzi."

Mbuzi kwa kweli aliuzwa bila mimi kuulizwa. Lakini nisingemsukuma mtu miaka yote hiyo kwa sababu ya mbuzi.

"Mtazame vizuri," anasema Pumzi. "Amechoka. Usiku huu akisinzia kabla hajaniitikia, sirudi tena. Usinichukie. Ni adabu tu."

Taa yangu inashuka. Koti linanizidi. Nakaa chini kati ya mikonge, kichwa kinaanguka kifuani, na lile bega linabaki bila mtu wa kulisukuma. Pumzi anapanga vizuri furushi lake, anaanza kwenda.

Mzee Shekiondo anataka kuita karibu. Hapo anakumbuka kwamba amemwacha Mdomo kule chumbani na Pua. Mpaka dakika hiyo amezungumza vizuri tu, maana hakuwa amelikumbuka hilo. Alipolikumbuka, sauti ikaisha.

Anapunga mikono. Pumzi haangalii nyuma. Kifua cha mzee kinakuwa chepesi, kinayumba kama gunia lililoanikwa.

Mara anatokea Barakoa anakimbia, mpira unaburuzika nyuma, ndani amewabeba Pua na Mdomo, bado wanagombana. Anamrukia mzee usoni, anajifunga mikanda mwenyewe.

"Samahani, mzee, hawa hawabebeki. Na huyu hapa nimemkuta amesimama getini."

Nyuma yake limesimama bonge la mtu lenye ovaroli, halina shingo, linapuliza hata likiwa limetulia. Ni Hewa ya mashine.

"Mzee," anasema Hewa, "yule Ulimi mimi namwondoa mlangoni. Ndiyo kazi niliyotumwa. Lakini umenifukuza mara mbili, sasa naogopa kuingia."

"Piga hodi uingie! Haraka!"

"Ffffff," anasema Hewa.

"Hodi."

"Ffffff."

"Ho. Ho. Fungua mdomo," mzee anamfunza.

"Ffffff. Mzee, nilikotengenezwa hawakunitia neno hilo."

Pumzi ameshafika mwisho wa mstari. Kanga yake inaonekana ndogo kama kiberiti.

Mzee Shekiondo anawaza. Kumruhusu mtu aingie kwake bila hodi, hajawahi. Lakini kufa kwa sababu ya adabu, hilo nalo hajawahi.

"Wewe Hewa. Leo siku ya ngapi uko kwangu?"

"Ya tatu."

"Ya tatu kweli?"

"Ya tatu, mzee," anadakia Barakoa. "Mimi shahidi, nilikuwa naye kabatini."

"Basi huyu si mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mtu mwenye jembe la nyumba hapigi hodi. Anapita."

Akisema hivyo, jembe linakuwa mkononi mwake. Ni jembe langu la shambani, lile la mpini uliofungwa waya.

"Mmeniamsha saa hizi kuna nini?" linauliza jembe.

"Kuna palizi."

Wanarudi stesheni bila kutembea. Hewa anaingia mzimamzima, jembe begani.

"Sogea, babu," anamwambia Ulimi.

"Nimelala hapa siku zote," anasema Ulimi. "Waulize."

"Sogea. Hapa ni njia."

Anatia jembe. Linapanda, linashuka. Udongo mwekundu unaruka, na ukoka, na mizizi ya ukoka mirefu kama nyuzi za mkonge.

"Ng'oa na mizizi yake!" anapaza sauti Mzee Shekiondo. "Ukoka ukiachwa mzizi haukomi!"

Ulimi anaviringika pembeni, ananung'unika. Kimeo anazinduka, anashika rungu.

"Simama hapo! Nani wewe? Sikusikia hodi!"

Jembe linabaki juu. Kimeo anamgeukia mzee. Pua na Mdomo wananyamaza, nao wanamgeukia. Hata benchi la abiria linamgeukia. Wote wamelelewa katika nyumba ile, wanajua mtu asiyepiga hodi hufanywa nini.

Mzee Shekiondo anaimeza sheria yake. Inashuka kwa shida, mahali palepale panapolimwa.

"Mwacheni," anasema. "Wa hapahapa huyo."

Jembe linashuka. Mlango unabaki wazi.

Naye anaita, kwa sauti ambayo hajawahi kumwitikia nayo mtu yeyote: "Karibuuu! Karibu ndani!"

Mikonge yote inalala upande mmoja. Kule mbali Pumzi anasimama. Anageuka. Anakuja bila haraka, kama mtu mzima anayejua anangojwa. Anafika mlangoni, na mlango uko wazi, na bado anasema:

"Hodi."

"Karibu," anajibu mzee. "Karibu, karibu," wanajibu Pua na Mdomo kwa pamoja, kisha wanaona haya kwa kupatana.

Pumzi anatua furushi. Anakaa kwenye benchi, ananyoosha miguu.

"Na yule wa taa?" anauliza.

"Yupi?"

"Aliyekaa chini kule shambani. Nani atamwambia kwamba zamu yake imekwisha?"

"Nitamwambia mwenyewe," akasema Mzee Shekiondo. Akaamka.

Alinikuta nimekaa kitako ubavuni mwake, kiganja changu kifuani pake. Usiku ule hakukoroma. Hakukatika pumzi. Nami sikupata hata lepe la usingizi, kwa sababu mtu anayekoroma akinyamaza, mkewe huanza kufikiria sanda. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka, nami nikakilinda mpaka kumekucha.

Alipokwisha kunisimulia akasema, "Mama Sikudhani, zamu imekwisha. Lala."

"Nilale jua linachomoza? Kuku nani atawafungulia?"

"Mimi."

"Na chai?"

"Nitachemsha."

"Baba Sikudhani, hiyo ndoto yako ni ya dagaa."

"Huenda," akasema.

Nikachukua barakoa nikaioshe, maana nesi aliagiza ioshwe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu. Nikaitumbukiza kwenye beseni. Maji yakawa mekundu. Nikaichomoa kwenye mpira, nikaukung'uta ule mpira. Likadondoka donge la udongo mbichi, ndani yake kuna kipande cha mzizi wa ukoka, bado kina unyevu.

Nikampelekea kiganjani. Aliutazama kama mtu anayekagua kazi ya kibarua.

"Ameng'oa vizuri," akasema. Akaenda kufungulia kuku.

Mimi nikajilaza. Nilisema nijinyooshe kidogo tu. Nikasikia hatua za Sikudhani uani, nikasikia ameanza, "Ho—"

"Shhh. Pita tu, mwanangu. Mama anapumzika."

Hatua za Sikudhani zikasimama. Nadhani alikuwa akihakikisha kwamba yule ni baba yake.

"Nimekuja kuichukua ile mashine, baba."

"Haiendi popote. Kaa unywe chai."

Nikasikia vikombe. Nikasikia wanazungumza kwa sauti ya chini, neno mojamoja likinifikia. Nilikuwa nimelala katikati ya kitanda, mahali ambapo sijapata kulala tangu niolewe. Mkono wangu wa kulia ukanyooka kutafuta bega la kusukuma. Haukulikuta. Ukapapasa shuka, ukakaa, ukalala wenyewe kwanza. Nami nikaufuata.