Taka za Jiko

Nelima alikuwa na hasira tangu Jumanne, na kufikia Jumapili hasira yenyewe ilikuwa imenona.

Jumanne ndiyo siku Ng'ang'a, mfugaji wa nguruwe kutoka Yamumbi, alipokuja kuchukua maganda ya ploti, akafunua pipa la tatu, akachota maganda kwa mkono, akamwonyesha. "Mama Bridgit, hii maganda iko na majivu. Nguruwe yangu haili hii. Nikipata tena hivi, sirudi."

Nelima alijua majivu yalikotoka. Katika ploti nzima ya nyumba kumi na mbili pale Kapsoya, alimjua mtu mmoja tu aliyepika kwa makaa: Nduta, yaani Mama Wangeci wa orofa ya pili, muuza githeri ya mahindi na maharagwe. Na ni Nduta huyohuyo aliyesimama kwenye mkutano wa wapangaji kuhusu kutenganisha taka akasema, "Mimi sijaanza kupangishia takataka vyumba." Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Nelima hakucheka. Kwa miaka miwili taka za ploti zilichomwa kila Jumamosi nyuma ya nyumba, hatua nne kutoka dirisha lake, na kila Jumamosi binti yake Bridgit, mtoto wa miaka sita, alikaa kitandani kifua kikimlia kama filimbi. Alishalazwa mara mbili. Nelima alipomwendea Mzee Kuria, mwenye ploti, hakwenda kuomba. Alikwenda kugombana, akagombana mpaka mzee akachoka.

"Sawa, mama. Nawapa mwezi mmoja. Mkitenganisha taka na zikapata wenyewe wa kuzichukua, sichomi. Mkishindwa, Wanyonyi atawasha kama kawaida." Wanyonyi alikuwa mtunza ploti, na kiberiti hakikumtoka mfukoni.

Basi Nelima akatafuta mapipa matatu ya plastiki, akayaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: PLASTIKI, KARATASI, TAKA ZA JIKO. Akapita mlango kwa mlango akieleza, na pale alipokuta mlango umefungwa aliona maandishi yanatosha. Kila mtu si alisoma shule?

Jumapili hiyo Nelima na Bridgit walipotoka kanisani walikutana na moshi langoni. Pipa la tatu lilikuwa linawaka, plastiki inayeyuka na kudondoka, na moshi mweusi unaingia moja kwa moja kwenye dirisha lao. Bridgit akaanza kukohoa kabla hata ya kuvuka lango. Nelima akambeba mbio hadi dukani kwa Mzee Kuria, upande wa barabarani, akampulizia dawa, akangoja mpaka pumzi ikatulia. Kisha akamwacha kwenye kiti, akarudi. Wanyonyi alishamwaga maji. Nelima hakumtazama. Alisimama chini ya ngazi.

"Nduta! Toka nje, muuaji wewe! Umeshindwa kunimaliza kwa mdomo, sasa unaniulia mtoto na makaa yako! Na nyinyi mnaokula githeri yake, mjue mnalishwa na mtu wa roho gani! Hiyo sufuria yake ni chafu kama roho yake!"

Milango ikafunguka yote. Wateja wawili wa githeri, waliokuwa wanaingia na vibakuli vyao, wakasimama palepale langoni.

Nduta akashuka polepole, upawa mkononi. "Majivu yangu? Yangu yote inaenda Burnt Forest kwa shamba ya mama yangu. Gunia kila wiki. Uliza Wanyonyi, si ndiye hubeba mpaka steji?"

Wanyonyi akaitikia kwa kichwa.

"Kwani ni nani?" Nelima akafoka. "Yamejileta?"

"Ni mimi, Nelima." Alikuwa Mama Maximilla wa nyumba namba tano, mama mzee anayeketi naye benchi moja kanisani. "Gesi iliniishia, nikarudi kwa jiko yangu ndogo ya makaa. Si uliandika taka za jiko? Kila asubuhi nabeba majivu ya jiko naweka pale uliandika. Leo nilikuwa nachelewa kanisa, nikaona kama yamezima. Nilijua nakusaidia, mwanangu."

Watu wakageukia pipa. Upande ambao haukuungua neno lilikuwa bado linasomeka vizuri: JIKO. Nelima alikusudia JIKONI. Rangi ilimwishia kwenye O, akasema si neno, wataelewa. Sasa ilimwia kama amepigwa kofi. Hasira haikumtoka; iligeuka tu ikamkalia yeye mwenyewe, na hapo ikawa nzito zaidi.

Mzee Kuria alikuwa ameshafika, akalitazama lile pipa, kisha mapipa mawili yaliyobaki. "Maganda sasa yataenda wapi? Hapana. Wanyonyi, kesho uwashe."

Nduta akapanda ngazi, na baada ya muda ikasikika gubu, gubu, gubu. Alikuwa anashusha pipa lake la maji, la buluu, ngazi moja baada ya nyingine. Akalisimamisha mbele ya mzee.

"Maganda itaingia hapa. Na mtu aandike MAGANDA, tuelewane."

Mzee akaguna, akamwambia Wanyonyi aache. Nelima akamsogelea Nduta karibu sana, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, Mama Wangeci."

"Hii pipa ni ya Bridgit, si yako," Nduta akasema. "Matusi umenipigia kelele ploti yote isikie. Samahani ndiyo unaninong'onezea?"

Akapanda hadi orofa ya pili, akaegemea ukuta wa baraza, akangoja.

Nelima akasimama katikati ya uwanja. "Nimekosea!" akapaza sauti, na sauti ikatoka na ukali uleule, maana siku hiyo hakuwa na nyingine. "Nduta hakuchoma kitu! Mimi ndiye niliandika vibaya, halafu nikamtukana mtu hajanikosea!"

Nduta akainama kidogo kutoka juu. "Na githeri?"

Nelima akafumba macho, akayafumbua, akawageukia wale wateja wawili langoni, akaanza upya.