Kuchota Mbele ya Wageni

Gumato alilala kifudifudi kwenye ukingo wa mto, akarusha jerikeni lililofungwa kamba shingoni, akasubiri lizame. Halikuzama. Kiangazi kilikuwa kimeupunguza mto wa Tana hadi jerikeni likawa linagonga tope na kurudi juu, likielea tupu. Alilivuta, akalirusha tena mbele zaidi. Nyuma yake wanawake wengine walisimama mbali na ukingo, kila mmoja na chombo chake. Wote walikuwa wakitazama maji.

"Pale kushoto," alinong'ona Batula, jirani yake. "Kitu kimezama."

Gumato aliiachia kamba. Alirudi nyuma kwa magoti, haraka, akiburura kanga kwenye mavumbi, na hakusimama mpaka alipofika nyuma ya Batula. Huenda lilikuwa gogo. Jerikeni lilizunguka mara moja, likachukuliwa na mkondo, likapotelea kwenye kona ya mto. Ndilo jerikeni pekee alilokuwa nalo.

Kabla ya mafuriko ya El Niño, kijiji chao, kilicho chini kidogo ya Wenje, kilikuwa na boma la mtoni. Wanaume walikata miti migumu, wakaichimbia ndani ya maji kwa nusu duara, wakaifunga kwa fito. Mle ndani wanawake waliingia hadi magotini, wakachota, wakafua, wakaoga na kupiga soga, na mamba akabaki nje. Mafuriko yalilichukua boma pamoja na mbuzi na ukuta mmoja wa msikiti. Maji yalipopungua, wanaume walikwenda msituni kukata miti mingine. Askari wa msitu waliwarudisha.

Msitu ulikuwa umepata wenyewe. Ng'ambo ya mto ilikuwa imefunguliwa Kambi ya Mbega, na wageni walishuka kwa ndege ndogo kuja kumwona mbega mwekundu, ambaye waliambiwa hapatikani kwingine duniani. Liliitwa baraza. Watu waliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo usikatwe hata ufito, na kwamba kambi ingewaletea bomba la maji. Wazee waliweka alama za vidole gumba kwenye karatasi. Wageni walikuja. Bomba halikuja.

Halafu, mwezi wa Ramadhani, mamba akampata Sabdio.

Sabdio alikuwa dada wa Halkano, mume wa Gumato. Alirudi kutoka hospitali ya Hola na mkono mmoja. Hakulalamika, wala hakusimulia. Ila tangu siku ile hakuweza kutazama maji yaliyo kwenye chombo kipana. Akipewa kikombe, alifumba macho kwanza, ndipo akanywa.

Halkano alikuwa amehamia na ng'ombe kwenye nyasi za delta, na hakuna aliyejua atarudi lini. Nyumbani walibaki Gumato, Sabdio, na Abdia, mtoto mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Siku jerikeni lilipokwenda, walilala na kiu. Asubuhi Gumato alimnyonyesha mtoto, akamweka mapajani kwa wifi yake, akatoa panga chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi?" Sabdio aliuliza.

"Kukata miti ya boma."

"Watakukamata."

"Na mtoni nitakamatwa na nani?"

Sabdio alimvuta mtoto karibu kwa ule mkono uliobaki.

Gumato alikwenda na Batula. Waliingia msituni kwa kuinama, wakichagua miti nyembamba, na kila panga lilipogonga, Gumato alihisi mlio wake umefika hadi ng'ambo. Walikuwa wamekata mitano walipoisikia filimbi. Batula aliitupa miti, akakimbia. Gumato alibaki pale pale, panga mkononi.

Askari aliyetokea alikuwa Ngumbao, Mpokomo wa kijiji cha Wema. Alimfahamu Halkano, waliwahi kufanya kazi pamoja kwenye mifereji ya Hola.

"Weka panga chini, mama."

"Ngumbao, miti ya boma tu hii. Boma wewe unajua. Mama yako anachota wapi?"

"Mama yangu yuko Wema. Kule wamevuta maji ya mfereji."

"Basi?"

"Basi nini? Nikikuacha, kesho mimi kazi sina." Alitazama kando. "Weka chini, tafadhali. Usinifanye nikushike."

Alimvusha kwa mtumbwi mwembamba ambao ukingo wake ulikuwa karibu kulingana na maji. Gumato alikaa katikati, vidole vyake ameviingiza ndani kabisa ya kanga, asiguse mbao za pembeni. Alifumba macho kama Sabdio.

Walimfungia katika stoo ya injini za boti pale kambini. Mlikuwa na harufu ya petroli, na ukutani yalitundikwa majaketi ya rangi ya machungwa ambayo wageni huvaa wasizame. Saa zilipita. Maziwa yalijaa kifuani mpaka yakaanza kuuma, kisha yakalowesha kanga yenyewe. Alijua kwamba wakati huo Abdia analia, na kwamba Sabdio hana cha kumpa.

Kwenye ufa wa mbao aliona mto. Mchana ulipopungua makali, mpishi alishuka na karai la matumbo ya mbuzi, akalimwaga majini kwenye kona ya upande wa juu, mkondo usipofika bado mahali ambapo kijiji huchota. Wageni walisimama kwenye veranda yao ya mbao, vinywaji mkononi, wakanyoosha vidole. Mamba walikuja. Hawakuwa na haraka. Walikuja kama ng'ombe wanaoijua saa ya chumvi, mmoja nyuma ya mwingine, wengine wakitokea ng'ambo kabisa, upande wa kijiji. Gumato aliondoa jicho kwenye ufa, akaketi chini, akaegemeza mgongo mlangoni.

Waliomfungulia walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Kalla, naibu wa chifu, ambaye pia ni baba mdogo wa Halkano. Mwingine alikuwa mwanamke wa Nairobi mwenye kofia pana, aliyeitwa Madam Fibi. Kazi yake kambini ilikuwa kuelewana na wanavijiji.

"Pole, Mama Gumato," Madam Fibi alisema. "Umepewa chai?"

Hakuwa amepewa. Chai ililetwa. Gumato aliishika bila kunywa.

"Kukata mti wa hifadhi ni kesi. Mimi sitaki kesi. Wageni wetu wanatuchagua kwa sababu hatuharibu msitu na tunaishi vizuri na jamii. Wakisikia mama amefungwa, watasikitika."

"Mamba alikula mkono wa wifi yangu."

"Tunajua. Si tulimpeleka hospitali kwa gari letu? Wageni walioshuhudia walituandikia kutushukuru."

"Mimi nimeona mnawalisha hapo."

Kalla alikohoa. "Gumato. Umeletwa hapa kwa kosa lako, si kwa kosa la mamba."

"Baba mdogo, boma tu. Watu wanakufa."

"Kesho gari linakwenda Garsen," Kalla alisema, kana kwamba hakusikia. "Wanaweza kukupakia wakupeleke mahakamani. Barabara unaijua. Juzi tu majambazi wamelipiga risasi lori la magunia, dereva akafia kwenye usukani. Na ukifika salama, utakaa huko mpaka hakimu aje. Mtoto atanyonya nini?"

Gumato aliweka kikombe sakafuni, chai ikiwa haijaguswa.

"Tusifike huko," Madam Fibi alisema kwa upole. "Nina wazo zuri zaidi. Wageni wamechoka na maonyesho ya ngoma. Wanataka kuona maisha ya kweli. Boti ikipita asubuhi, wakute akina mama wanachota maji. Wewe utawaongoza wenzako. Kila mwisho wa wiki mtapata unga na sukari. Lakini msichote kwa kamba na majerikeni ya plastiki, hayo hayapendezi kwenye picha. Mwingie majini na vibuyu, kama zamani."

"Zamani kulikuwa na boma."

"Boma ni miti, mama. Na miti ni ya mbega."

"Na mamba?"

"Boti itakuwa karibu. Wanaogopa injini."

Gumato alimtazama Kalla. Huyu ndiye aliyeshika kamba ya ng'ombe wa mahari yake, ndiye aliyemwingiza nyumbani kwa Halkano. Alimtazama akingoja aseme neno moja tu. Kalla alikuwa akipangusa vumbi kwenye kiatu chake.

"Amekubali," Kalla alisema.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika nyumbani. Abdia alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Alinyonya kwa pupa, akapaliwa, akanyonya tena. Sabdio alikaa karibu, akamkagua Gumato usoni na mikononi.

"Walikupiga?"

"Hapana. Walinipa chai."

Alipomweleza mengine, Sabdio aliinuka, akatoka nje. Aliporudi alisema tu, "Mtoto muache kwangu. Usimpeleke hata ukingoni."

Siku ya kwanza ilikuwa ya utulivu, bila upepo. Wanawake watatu waliteremka na vibuyu vilivyoletwa na kambi: Gumato, Batula na mke mdogo wa Yarrow mwenye duka. Boti ilisikika kabla haijaonekana. Ngurumo ya injini ilimtuliza Gumato kidogo. Alianza kushuka ukingo, akihesabu moyoni kwamba ataingia, ajaze, atoke. Kisha injini ikanyamaza. Wageni walitaka kusikia ndege.

Boti ilikuja ikielea yenyewe. Ngumbao alisimama mbele, amevaa shati jipya la kijani la kuongoza watalii. Alimpungia mkono ashuke.

Gumato aliingia. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, na mguu ulipozama haukuonekana tena. Batula na mwenzake waliishia kwenye tope, wakainamia vibuyu vyao wakijifanya wanavisuuza. Gumato alijaza chake. Kilichukua muda, kikitoa mapovu kwa sauti ambayo aliona inasikika mto mzima. Kilipojaa, aligeuka kutoka.

"Ngoja kidogo, mama," Ngumbao aliita. "Usitoke. Filamu ya mzee imekwisha."

Mgeni mmoja mzee alikuwa amefungua mgongo wa kamera. Mkewe alipekua mfuko, akampa filamu mpya. Mzee aliipasua pakiti kwa meno. Filamu ilimponyoka, ikabiringika chini ya viti, na wageni wote wakainama kuitafuta, wakicheka na kugongana vichwa. Gumato alisimama majini hadi mapajani, kibuyu kikimvuta bega. Ukingoni Batula alikuwa ameanza kusoma dua kwa sauti ya chini, haraka haraka, bila kuvuta pumzi. Viwimbi vidogo vilitoka katikati ya mto, vikaja vikamgusa Gumato mapajani.

Filamu ilipatikana. Mzee aliipachika, akafunga kamera, akaiinua. Halafu aliishusha tena, akasema jambo, akaweka vidole viwili kwenye pembe za mdomo wake na kuzivuta juu.

"Anasema ucheke," Ngumbao alisema, akitazama mbali.

Gumato alifungua mdomo, na meno yake yakaanza kugongana.