Ng'ombe wa Kaijage, Ada ya Atwine

Ada ya Atwine ilikosekana. Shilingi milioni moja na nusu, mwisho Ijumaa, la sivyo chuo kinamfuta.

Atwine ni binti yangu. Anasomea shahada ya pili Dar es Salaam, historia ya muziki, na utafiti wake ni nyimbo za enanga za huku kwetu, Karagwe na Kyerwa. Enanga ni ubao wenye nyuzi; unaulaza mapajani, unapiga huku unaimba. Taasisi moja ilikubali kumlipia. Awamu ya kwanza ilitoka. Ya pili walisema itatoka akishawasilisha nyimbo za wapigaji watatu. Alikuwa na wawili, na bila ada chuo hakimpi barua ya kwenda kumrekodi wa tatu.

"Hao watu wako wanataka ndizi kabla ya mgomba," nilimwambia kwenye simu. Akacheka, kisha akalia.

Wa tatu alikuwa Kaijage wa Bweranyange. Ndiye aliyepiga enanga kwenye harusi yangu. Siku ile ile alimtungia wimbo mke wangu, Pulkeria. Akataja jina lake, baba yake, mwendo wake, mpaka pengo la meno yake. Alipomaliza akanipa mtamba. Pulkeria alifariki, huu ni mwaka wa tisa. Picha zake ninazo mbili. Wimbo sina. Nilipokwenda kumwomba Kaijage aupige tena, alisema, "Vidole vimechoka. Nitaupiga mara moja tu. Binti yako aje na mashine yake, na wewe ukae hapa karibu yangu." Siku hiyo niliingoja kuliko Atwine.

Yule mtamba alizaa, na uzao wake ukazaa. Zizini nilikuwa na mjukuu wake, Bihogo. Kwetu ng'ombe wa kupewa unaweza kumuuza, hakuna anayekukatalia. Ila aliyekupa anaambiwa kwanza, kwa mdomo wako, nyumbani kwake. Uzao wake vile vile. Nilijua. Lakini mnada ulikuwa Alhamisi, na Jumatano nilimpigia Kaijage nikakuta simu imezimwa. Nikasema nitamwambia baadaye. Bihogo akaenda kwa milioni moja na laki sita.

Atwine alilipa, akapata barua, akaja. Tukapanda pikipiki mbili kutoka kwetu Chonyonyo hadi kwa Kaijage.

"Shikamoo, babu." Atwine alipiga goti.

"Marahaba, mama. Hata pengo umelirithi!" Kisha akanigeukia mimi. "Novatus, Bihogo hajambo?"

"Mzee, nimekuja nikuambie."

"Umechelewa, lori limekutangulia. Nilikwenda mnadani kununua dawa ya kupe, nikaona pembe ninazozijua. Nikamwuliza dereva, huyu katoka kwa nani? Akasema, kwa rafiki yako."

"Ilikuwa ada ya mtoto. Simu yako ilizimwa."

"Simu ilizimwa. Na mimi nilizimwa? Ungekuja ningesema uza. Ningekuongezea na beberu."



Akamwambia Atwine, "Wewe huna kosa. Nitakupigia zote, na wa mama yako pia. Lakini baba yako akakae barabarani. Na asiusikie kwenye hiyo mashine, leo wala kesho. Niahidi."

Atwine akanitazama.

"Ahidi," nikamwambia.

Nilikaa barabarani juu ya gogo tangu asubuhi mpaka jua likapita utosi. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwake. Nilisikia kuku, na pikipiki zikipita na mikungu ya ndizi. Mara moja nilidhani nimesikia nyuzi, nikasimama. Ilikuwa waya wa uzio wa jirani.

Atwine alitoka macho mekundu.

"Kauimba wote?"

"Wote, baba."

"Pengo?"

"Na pengo."

"Na kingine?"

"Baba, nimeahidi."

Sikumwuliza tena. Mwezi uliofuata nilimpelekea Kaijage mtamba. Kesho yake mtamba alirudishwa kwangu, na kamba yake shingoni, bila neno. Taasisi ikatoa awamu ya pili. Wimbo sasa umehifadhiwa chuoni, na mtu yeyote anayesomea mambo hayo anaweza kuomba asikilizishwe.

Hesabu yake ni hii. Ng'ombe mmoja, milioni moja na laki sita. Pikipiki mbili kwenda na kurudi, elfu sitini. Kaijage, ambaye tukikutana mnadani hanipi mkono. Na dakika kumi na moja za Pulkeria. Huo urefu tu ndio Atwine aliokubali kunitajia.